Kilima Kisicho na Theluji

Mdogo wangu Mwanaidi,

Salamu kwako na wote hapo Tanga. Leo huku ughaibuni mimi na mjukuu wetu Zuhura tumejifunza kuteleza kwenye theluji, ila theluji yenyewe haipo. Kilima wamekitandika mabrashi ya plastiki. Unafungwa mbao mbili ndefu miguuni, na ukitaka kusimama usiendelee kuteleza unakutanisha ncha za mbele. Kila aliyeanguka nilimpa pole, wakawa wananikodolea macho, maana huku hawana desturi hiyo. Zamu yangu ilipofika nikaanguka kifudifudi.

Unajua wiki tatu hizi namsemesha Zuhura Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Basi akaniinamia, akasema, “Pole, Bibi. Umeumia?”

Goti limevimba, lakini Jumamosi narudi kuanguka tena. Niombee dua, uwabusu watoto.

Dada yako,
Mwanahamisi