Ndara za Bluu na Mbio za Farasi

Jumapili, 1 Juni 2025

Farasi! Kati ya vitu vyote vya dunia hii – farasi!

Baada ya misa, Papa Chishimba, mwenye concours, mashindano yetu ya maswali parokiani, alitingisha sufuria ya vikaratasi akachomoa kimoja. Mada ya michezo mwaka huu: historia ya mbio za farasi. Ukumbi mzima ukacheka. Mwaka jana ilikuwa mpira, kila mtu profesa. Mwaka huu kapiteni wa mtaa wetu, Hewa Bora, ni mimi, Fils, na farasi nimemwona mmoja tu maishani, kwa mbali, akijisaidia barabarani.

Tunacheza na mtaa wa Makomeno: aller Jumapili ijayo, na retour, marudiano, ile inayofuata. Zawadi ni mbuzi. Papa Chishimba amemshonea tandiko la gunia ili aendane na mada. Haendani nayo hata kidogo.

Kanuni ni ile ile aliyoitunga mwenyewe. Kapiteni wa upande wa pili akijibu vibaya, kapiteni wewe unasimama, unamtazama machoni, unamwambia, "Umekosa," ndipo unatoa jibu lako. Machoni kabisa! Zamani watu walipingana wakitazama dari, halafu kila mtu anakana alichosema.

Sawa. Mimi na miwani yangu mizito tuko tayari.

Jumatano, 4 Juni

Kusoma, kusoma. Deborah, mwalimu, mwenzangu wa timu, ananiuliza maswali huku anasahihisha daftari za wanafunzi. Baridi ya Juni, tumejifunika blanketi kama wagonjwa.

Kumbe mbio za farasi ni vichekesho vitupu! Ourasi, farasi wa Ufaransa wa mbio zisizo na vizuizi: alishinda Prix d'Amérique mara nne, na walimwita mfalme mvivu. Aura, jike la Wagiriki wa kale: alimwangusha joki, mpandaji wake, mwanzoni kabisa, akakimbia peke yake, akazunguka vizuri, akashinda! Foinavon, Grand National ya Uingereza, 1967: wenzake wote waligongana kwenye kizuizi, yeye alikuwa nyuma sana, akafika, akapita pembeni. Basi! Bingwa!

Halafu yule joki wa Amerika, 1923. Alikufa juu ya farasi katikati ya mbio, na farasi akashinda naye hivyo hivyo. Deborah aliacha kalamu. Akauliza kama yule marehemu alipigiwa makofi. Sijui. Kitabu hakisemi.

Jumamosi, 7 Juni

Makomeno, kwa kina Sephora wangu. Mwezi ujao familia yangu inakwenda kwao kujitambulisha, na mama yake bado hajasema ndiyo. Baba yake, Papa Léonard, amekubali zamani. Lakini nyumba ile haiongozwi na Papa Léonard.

Na mimi nitamshawishije mama? Bukwe ni bukwe, ndiyo miiko ya ukwe. Mama-mkwe hatazamwi usoni wala hasemezwi. Nikiingia, macho chini. Naye anageukia ukuta. Mwaka mzima Mama Albertine namjua kwa miguu tu: ndara za bluu, ua la njano juu ya kidole gumba. Sauti yake sijawahi kuisikia. Anamnong'oneza Sephora, Sephora ananifikishia. Naye ananijua kwa utosi, pale penye kovu langu lenye umbo la ndizi.

Leo alipita mara moja, akaacha karanga, akaenda. Sephora anasema siku hizi mama anajifungia chumbani na redio na vitabu, akiulizwa anasema ni mambo ya korali.

Karanga zilikuwa tamu. Nimezichukua kuwa dalili njema.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Aller. Kapiteni wa Makomeno: mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, miwani mikubwa, sauti ya kengele. Sijawahi kumwona. Swali la kwanza: nani alishinda Grand National mara tatu? "Red Rum!" Sahihi. Mama huyu si mchezo, nikajiambia.

Swali la Foinavon likaja. Yeye akasema Ourasi. Nikaruka! Nikamtazama ndani ya macho, mpaka kwenye ubongo:

"Mama, umekosa! Ni Foinavon! Ourasi ni wa Ufaransa, tena yeye harukaki kitu!"

Ukumbi ukalipuka. Nikacheza kidogo. Kidogo? Nilizunguka meza. Kalamu ikaanguka, nikainama kuiokota, na pale chini ya meza ya Makomeno – ndara za bluu. Ua la njano.

Ningekuwa na akili ningeinuka haraka. Nilibaki nimeinama, na kumbe kuinama ndiko kulikoniponza, maana utosi wangu ndio anaoujua. Nilisikia kengele ikikatika:

"Eeh! Ile kovu!"

Akaangukia kiti, akageukia ukuta. Mimi nikageukia ukuta wa pili. Papa Chishimba akauliza kama tunaumwa. Maswali yaliyobaki sikupinga hata moja, naye hakupinga. Tumetoka sare. Deborah amerudi nyumbani bila kuningoja.

Jumatatu, 9 Juni

Sephora alikuja. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akashika ukuta.

"Fils, weye! Ulichezea mama yangu mbele ya parokia muzima!"

Nikamuuliza mama anasemaje. Kicheko kikaisha. Mama amejifungia tena chumbani na redio, na hilo ndilo baya. Papa Léonard ameagiza: kuku mweupe, wa kusafisha macho yangu. Apelekwe na mtu mwingine. Nisitie mguu Makomeno.

Nilimwomba Papa Chishimba nimwachie Deborah ukapiteni. Hataki. Kapiteni wa aller ndiye kapiteni wa retour.

Alhamisi, 12 Juni

Kuku amekwenda. Mweupe, mnene, mvivu kupita Ourasi mwenyewe. Deborah ndiye aliyempeleka. Mama Albertine alimpokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, akamwuliza Deborah jambo moja tu: mimi nasoma usiku au asubuhi?

Hiyo maana yake nini? Sijalala vizuri. Nampenda Sephora, nampenda vibaya, na nimemfokea mama yake kwa ajili ya farasi aliyekufa zamani.

Jumapili, 15 Juni

Niko nje, nyuma ya ukumbi, nimekaa karibu na mbuzi. Umeme umekatika, mikrofoni imekufa, Papa Chishimba anahangaika kuwasha groupe, ile jenereta ya parokia. Naandika ili nisitoroke.

Ni sare tena! Limebaki swali moja. Mwaka 1956, farasi wa mama yake malkia wa Uingereza anaongoza peke yake, amebakiza hatua chache, ghafla anaanguka kwa tumbo bila kuguswa na mtu. Jina lake?

Devon Loch! Najua! Ningeamshwa usingizini ningejibu. Lakini zamu ilikuwa yake, naye akasema polepole, akitazama dari:

"Red Rum."

Red Rum? Yeye? Anayemjua Red Rum kama ndugu wa ukoo? Hewa Bora wote wakanigeukia. Nikainuka nusu. "U–" nikasema. Umeme ukakatika.

Nikakimbilia huku. Nikikaa kimya, nimetupa mbuzi na sura ya Hewa Bora. Nikisema, ni machoni tena, mara ya pili, na safari hii najua ni nani. Nani atapokea kuku wangu wa pili?

–

Alikuja! Sasa hivi! Nilikuwa nimeinama, zikafika ndara za bluu, zikasimama. Hakunisemesha mimi. Alimsemesha mbuzi.

"Weye mbuzi, umwambie ule muntu: mutoto yangu sitamupatia muntu wa kuogopa. Alafu sitamupatia muntu wa kukosa heshima. Aangalie mwenyewe."

Nikamjibu mbuzi: "Mbuzi, umwambie mama: nimesikia."

Mbuzi alikuwa anakula tandiko. Ndara zikaondoka.

Nisiogope, na niwe na heshima! Nimtazame, nisimtazame! Hata Devon Loch hakuanguka pagumu hivi.

–

Nimepata. Nimevua miwani, nimeitia mfukoni. Bila miwani naona ukungu tu. Macho yangu yatakuwa machoni pake, lakini mimi sitamwona. Papa Chishimba atapata kanuni yake, bukwe itabaki bukwe. Hiki kilicho mbele yangu ni mbuzi, au ni ndoo.

Groupe imenguruma. Sephora amechungulia, nimemjua kwa sauti.

"Fils, kuya! Banakungojea! Alafu sijue juu ya nini, mama naye ametoa miwani yake."

Mama naye!

Naenda. Napapasa ukuta, mlango uko hapa, au ni mbuzi tena. Devon Loch, mama, Devon Loch!