Kanga ya Shaba na Mikono Mine

Mama Ngoie wangu wa ku Pweto,

Bantu bote banasema hii habari mubaya. Hapa mu mutaa ya Bel-Air, ku bomba ya maji, ata ku kanisa, banasema: "Mama Ngoie alikimbia bwana yake juu ya encrier ya wino." Bongo, banadanganya! Beko banajua nini? Ulienda kutunza dada yako mugonjwa. Mi njo nilikusindikiza ku camion, mi njo nilibeba valise. Basi habari ya kweli iko na mi. Nitaisema mbele ya bantu bote, juu we haujue kusoma, mi sijue kuandika, mwandikaji njo ananiandikia, na hii barua batakusomea na sauti mu soko ya samaki. We mwenye kumusomea, jambo sana. Soma polepole, usiruke fasi yenye kunisifu.

Unakumbuka siku ulitoka na encrier ku Golf, kwa batajiri? Ulikuwa unafuaka nguo mu villa, benyewe bakahama, bakakuachia ile encrier ya zamani, kile kintu cha kuwekea wino. Nikasema: "Mama, nangojea bukari ya kula, unaniletea wino?" Majirani bakacheka mpaka kukaa chini: bantu babili habakusoma, sasa beko na encrier! Ukanijibu: "Wino haiulizake masomo. Tengeneza."

Ilikuwa maskini. Sahani ya shaba, kichupa katikati, na ressort moja ya kutu, ile chuma yenye kujizonga. Ndege ya juu ilivunjika zamani, ilibakia paka miguu tu. Ukifinya mukia, mugongo ilipashwa kufunguka, wino ionekane. Ukiachia, inajifunga, wino isikauke. Mi, mufundi wa shaba kupita bote ba Katanga (mwandikaji anacheka, tumwache), nikasema: benyewe balitiaka ndege ya kwabo, shi tutatia kanga, ndege ya kwetu. Nikamwaga shaba mu udongo, akatoka kanga munene, kichwa kidogo, sawa vile kaka yako mukubwa.

Lakini alikuwa mulaini, bila madoa. Mi nikasema inatosha. We ukakamata musumari na nyundo, ukakaa pa mulango, ukapiga madoa moja moja, mvua ikaanza mpaka ikaisha. Pa shingo uliyapiga karibu-karibu, pa mabawa mbali-mbali. Nikauliza: "Nani atayaangalia yote hii?" Ukasema: "Kanga mwenyewe." Macho tulitia malachite, ile majiwe ya kijani. Moja ilikuwa kubwa kupita ingine, njo maana anaangaliaka bageni sawa vile anazania banakuya kumwiba.

Na kufunga ressort njo kazi ya mikono mine. Mi nafinya, we unapitisha kamusumari mu katundu. Ukichelewa, inaruka. Siku moja iliruka mpaka mu sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, tukakula na woga. Kila mwaka, mbele ya Noeli, tunamufungua kanga, tunamusugua na ndimu na majivu, tunamufunga. "Usitetemeke, muzee," unaniambiaka. Na ni we mwenye kutetemeka!

Sasa sikia. Nilimufungua peke yangu, nikisema ukirudia umukute anangaa. Ressort ikaruka. Jirani akaleta mikono yake, nikamwambia airudishe kwake. Kanga iko pa meza, mugongo wazi, wino inakauka.

Na mi silale muzuri, Mama Ngoie. Nikipiga telefone, ni paka ule mwanamuke wa mashini anajibu, anasema haupatikane. Shofere wa samaki ya kukauka akaniambia: "Papa, dada yake amepona! Niko namuona ule dada ku soko, anauzisha." Nikasema asante, nikacheka sana. Nikafika ku nyumba, bukari ikanishinda. Kama dada amepona, unabakia juu ya nini? Uko mugonjwa we mwenyewe? Siku ile, mu camion, uliniambia: "Haya, bakia na kanga yako." Nikazania ni muchezo, nikajibu na muchezo: "Ye hapigake kelele!" Camion yote ikacheka. We haukucheka. Ile njo inanikula, muchana yote natega masikio ku barabara.

Rudia. Ao lomba muntu telefone, unitukane tu, nisikie sauti. Ukikawia, nitapanda camion mi mwenyewe na haya magoti, nikae juu ya magunia sawa vile muhogo.

Bakia na amani, kula muzuri. Sina sinyature, natia kidole yangu hapa chini, uitambue.

Bwana yako, Papa Ngoie

Mwandikaji ananiuliza: "Papa, wino ya kidole imetoka wapi, kama kanga ilikauka?" Muntu wa maulizo huyu! Haya, andika. Mama Ngoie, ressort haikuruka. Ile ya ressort na jirani tu njo nilitunga, ingine yote ni kweli. Niliogopa kumufungua bila we. Kanga anafunguka, anajifunga, wino iko. Lakini Noeli inakaribia, ndimu na majivu biko pa meza, na mikono hapa iko paka mbili tu.