Sanduku la Mzee Lindqvist

Saint Paul, 4 Februari 1996

Kaka Elinaja,

Shikamoo. Huku tunasukuma siku. Baridi imetupasua midomo, na basi la kwenda mji wa Anoka linanichelewesha kila siku kwa Mzee Lindqvist, yule seremala mstaafu ninayemuuguza. Ile picha ya mwanangu Tumsifu kwenye kitanda ulichomtengenezea nimeibandika jikoni. Amekua! Ahsanteni kwa kumlea.

Wiki iliyopita televisheni ilionyesha Wafaransa wakijaribu bomu la nyuklia kwenye kisiwa cha Pasifiki. Mzee akaanza kulia. Kumbe ujanani alijenga mabanda ya muda kwenye visiwa vya namna hiyo, Wamarekani walipokuwa wakijaribu mabomu yao: mabweni, bwalo, vyoo, vyote vya miezi michache tu. Baada ya mlipuko yeye na wenzake walirudishwa kuyabomoa. Chombo cha kupimia mionzi kilipolia juu ya sanduku lake la zana, aliamriwa alitupe baharini. Akalificha, kwa sababu zana zilikuwa za marehemu baba yake.

Ndilo lile lile, Kaka. Lile alilonipa Krismasi ya mwaka juzi, nikakutumia kwa mkono wa Vedasto alipokuja huko nyumbani. Ananiambia alikuwa amesahau. Kama bado lina madhara, sijui. Nimemuuliza daktari, naye hajui. Nimechoka hata kumkasirikia Mzee. Kesho nitamwogesha kama kawaida.

Najua zana hizo ndizo zinazokulisha. Zifukie, mbali na kisima.

Halafu nijibu jambo moja tu: kile kitanda cha Tumsifu, ulikipiga randa kabla sanduku halijafika, au baada?

Mdogo wako,
Eliakunda