Wiki Mbili za Katunge

Jumatatu, 4 Agosti
Nanasi limemenywa, papai limekatwa, ndizi bado. Ndizi ni za mwisho, la sivyo zinakuwa nyeusi kabla watoto hawajanawa mikono. Nikishazikata nazikamulia limau. Hakuna aliyenifundisha. Hata sokoni wananijua, ati huyu mama anapapasa papai kama daktari.

Watoto walitunga mishikaki yao wenyewe. Kyalo, wa miaka sita, aliweka nanasi tupu kijiti kizima. Mutheu ana miaka mitatu. Yeye anatunga kipande kimoja, anakula viwili. Watoto wa jirani walikuwa wanne mlangoni. Mama yao analalamika siku hizi hawataki biskuti zake. Wangezitakaje?

Lakini haya yote ni mazoezi. Jumamosi Katunge anakuja.

Jumanne, 5 Agosti
Niandike vizuri nisijidanganye. Katunge ni kifungua mimba wangu. Miaka tisa. Ana jina la mama mkwe, kama inavyotakiwa kwetu Wakamba. Nilipokuwa na mimba ya Mutheu, mama mkwe alimwomba akakae naye Masinga. Tukampa. Ilikuwa mpaka nijifungue tu. Sasa Mutheu anakimbia na Katunge hajarudi.

Huwezi kumdai mama mkwe wajina wake. Nilijaribu mara moja. Mutua, mume wangu, akaniuliza, "Unataka nimnyang'anye mama yangu nafsi yake?" Nikaliacha hapo. Si kawaida yangu.

Mwezi jana mama mkwe mwenyewe akapiga simu. Mtoto aje wiki mbili za likizo, halafu aseme anataka kuishi wapi. Aseme kwa mdomo wake.

Tangu siku hiyo nakata matunda kama mtu wa hoteli.

Jumamosi, 9 Agosti
Amefika. Mrefu! Shingo ni yangu, macho ni yangu. Jirani alitoka nje kumwangalia, nami nikamwacha aangalie.

Alinisalimia kwa mkono. Kwa mkono, mimi niliyemzaa.

Nilikuwa nimemchongea mashua ya papai, ndani pasheni, juu zabibu mbili ndio abiria. Papai ndilo alilolililia akiwa mdogo. Akasema asante. Akala abiria. Mashua akampa Kyalo.

Nikamuuliza kama hapendi papai. "Napenda mapera," akasema, kwa adabu, kama mgeni.

Sikujua. Mtoto wangu mwenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimezunguka soko lote. Mapera nimeyapata kwa mama mmoja wa Kola, yale mekundu ndani.

Katunge anakata tunda mkononi, kisu kinakuja kwenye kidole gumba. Roho ilinitoka. Nikampa ubao.
"Susu anasema ubao ni wa wavivu," akaniambia. Susu ni nyanya yake.
"Mwambie susu mimi ni mvivu mwenye vidole kumi."
Akacheka! Meno yote nje. Halafu akatengeneza uso kwenye sahani: tikiti ndio mdomo, pera ndio pua, macho ya zabibu moja huku, moja kule. "Huyu ni baba akitafuta simu yake." Kyalo alianguka chini kwa kicheko.

Ningeweza kuifunga hii siku na kufuli, ningeifunga.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeharibu.

Nilikuwa nimegandisha maziwa lala na ndizi na pasheni kwenye vikombe, kwa friji ya jirani, tangu asubuhi. Kazi safi. Jirani mwenyewe alikuja kuona nikivitoa. Katunge akaangalia kikombe, akasema, "Kwa susu tunakula matunda hivi hivi tu. Hatuyachezei."

Mbele ya jirani.

Nikasema, "Wewe Katunge una mdomo mrefu na shukrani huna!"

Mutua alikuwa mlangoni, simu mkononi, sauti imefunguliwa. Alikuwa amempigia mama yake ili asalimiane na wajina wake. Kwetu mtoto mwenye jina la mzee hatukanwi kwa lile jina. Ukimtusi yeye umewatusi wawili. Wa pili alikuwa kwenye simu akisikiliza.

Na kibaya zaidi, mama mkwe ana mdomo mrefu kweli. Masinga nzima inajua. Hakuna atakayeamini nilimaanisha mtoto.

Ijumaa, 15 Agosti
Mutua anakula akinipa mgongo. Katunge amekaa nje na Mutheu mapajani.

Nilipiga simu mwenyewe. Nikasema, "Nimekosa, mama. Nimekosa kabisa." Akasema, "Mdomo wangu hata marehemu mume wangu aliutaja. Lakini yeye alinitajia mimi, hakumtajia mtoto." Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mtoto atasema, kama tulivyokubaliana.

Nilitoka nikamwomba Katunge msamaha pia. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha. Akasema, "Si kitu." Nilitaka aseme zaidi.

Jumatano, 20 Agosti
Siku nzuri zimefuatana, naziogopa. Leo Katunge ameuliza kwa nini ndizi zangu hazigeuki rangi. Nikamwonyesha limau. Baadaye nikamsikia akiwafundisha watoto wa jirani, "Kidogo! Si kuogesha!" Sauti ni yangu kabisa. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza kama mwizi.

Anatumia ubao sasa. Jana alimsuka Mutheu. Kyalo anamwita bosi.

Naomba mvua ikate barabara ya Masinga. Agosti hii yenye vumbi. Ni maombi mabaya, nayaomba hivyo hivyo.

Jumamosi, 23 Agosti
Mama mkwe alifika saa nne, magoti yamevimba, fimbo mkononi. Nilimpokea nikiwa nimeinama kuliko kawaida.

Nilitaka kuandaa. Katunge akanitoa jikoni. Alikwangua mbegu zote za mapera, moja moja. Akaponda ndizi. Papai akachagua lililolainika sana, lile mimi ningelitupa. Nikamuuliza mbona hivyo. "Susu amebaki na meno manne." Akakaa chini ya miguu yake akamlisha na kijiko. Mama mkwe alikula yote. Akasema, "Haya ndiyo mnachezea huku? Ni matamu."

Kisha akamuuliza anataka kuishi wapi. Mutua aliangalia sakafu. Mimi nilikuwa na maneno tayari, wiki mbili nayapanga.

Katunge akaniangalia mimi, si susu yake. "Nyinyi hapa muko wengi," akasema. "Susu nani atamchotea maji?"

Ningemwambia nini? Mtoto mwenye roho kama hiyo, nani hangejivunia? Nilijivunia na nikaumia, pamoja, mahali pamoja.

Mama mkwe akasema, "Mtoto amesema. Lakini likizo zote ni zako, mama. Hiyo nasema mimi."

Nilimfungia Katunge mapera na malimau. Wakati wa kwenda hakutoa mkono. Alikuja mzima, akaniacha nimshike. Nilimshika mpaka Mutua akakohoa.

Jumapili, 24 Agosti
Kanisani kuna mama mgeni, amehamia hapa karibuni. Tulikaa benchi moja. Aliwasifu Kyalo na Mutheu, walivyo safi. Nikamwambia si safi tu, wana akili pia. Akauliza kama ni hao wawili.

"Watatu," nikasema. "Mkubwa ni msichana."

"Yuko wapi?"

"Ako kwao."

Nilijisikia nikisema kwao, si kwetu. Yule mama hakuona kitu. Wimbo ulianza, tukasimama.