Siku Mlizoacha Kubofya

Leeds, Uingereza
Jumapili

Kaka Shabani,

Shikamoo. Naanza kwa shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, ingawa leo kinywa ni kizito. Mguu wa mama unaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Mvua zimeshafika Kinole, au bado mnatazama mawingu yakipita juu ya mlima? Mimi mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Umesema nimewauza kwa Wazungu, nimekula nao mpaka nikasahau nilikofunzwa kushika jembe. Mimi nakujibu kwa kalamu ili usome polepole, na ukimaliza umsomee mama.

Kazi yangu unaijua, nilikueleza mwenyewe nilipokuja likizo. Mtu mwenye bidhaa anaweka tangazo kwenye ukurasa wa mtu mwingine katika intaneti. Kila anayelibofya, mwenye bidhaa analipa, na mwenye ukurasa anapata fungu lake. Sisi ofisini tunawatafuta wanaobofya bila haja ya kununua chochote, ili tu mwenye ukurasa alipwe. Nilikueleza hayo tukila maboga ya mama, ukacheka, ukasema kumbe hela za Ulaya zinalala nje. Nikadhani unatania.

Sikulaumu kwa kutafuta riziki. Kiwanda mlichofanyia kazi kilipouzwa kwa mwekezaji mkatolewa nje ya geti, niliona ulivyokonda. Tuliambiwa zama zimebadilika, soko huria limekuja, kila mtu ale kwa akili yake. Ukatumia akili. Wewe na wenzako mliopunguzwa pamoja mkafungua kurasa, huyu ya mpira, yule ya nyimbo za harusi, wewe ya viungo vya Kinole, mkawa mnakutana kwenye kafe ya intaneti pale mjini.

Kurasa hizo zililetwa mezani kwangu kwa kuwa ni mimi peke yangu hapa ninayesoma Kiswahili. Msimamizi wangu, Bwana Martin, alidhani ni mashine inayobofya. Nikamwambia mashine haijui mgao wa umeme, wala haisimami Ijumaa mchana. Halafu nikaiona zamu. Leo wote wako kwa wa mpira, kesho wote kwa wa harusi, keshokutwa wote kwa wa viungo, na hakuna anayerukwa. Kaka, zamu hiyo niliijua. Hivyo ndivyo bibi alivyokuwa akitupanga kulima: leo shamba la huyu, kesho la yule, na asiyekwenda kwa mwenzake asitegemee jembe la mtu. Nikafungua ukurasa wa viungo, nikakuta picha ya mdalasini umeanikwa juu ya jamvi. Jamvi lenyewe la mama, lile lenye kiraka cha khanga yangu.

Nilikupigia. Usije ukasema sikukupigia.

"Kaka, acheni. Mnaonekana."

"Tunaonekana tunafanya nini? Mtu kaweka tangazo lake litazamwe, sisi tunalitazama. Kosa liko wapi?"

"Nani hapo Morogoro ananunua matairi ya kuendeshea kwenye theluji?"

"We mtoto, sisi hatuibi bwana. Tunalimiana."

Nikakata simu nikiwa nacheka na kulia. Kurasa zenu nikaziweka chini kabisa ya kazi zangu, nikijidai nina nyingine za haraka, nikiomba mchoke wenyewe.

Kisha mkaacha. Wote kwa pamoja, kurasa zote, kimya. Kesho yake pia kimya. Bwana Martin akasimama nyuma yangu, akasema, "Wameshtuka. Tumewapoteza." Mimi nilikuwa naitazama skrini tupu, na mdomo ukatangulia: "Hapana. Wana msiba." Akauliza nimejuaje. Nikamwambia kwetu jirani akifiwa hakuna anayeshika jembe. Akaniangalia kidogo, akasema, "Kwa hiyo wote hawa ni kundi moja." Ushahidi aliokuwa akiutafuta nikawa nimempa mimi, bila kuombwa. Kurasa zikafungwa siku hiyo hiyo, wenzangu wakaniletea keki ya pongezi.

Huo ndio usaliti wangu, Kaka. Niliona msiba, nikasema msiba.

Nilitoka nje kwenye baridi nikakupigia tena. Ukasema wote wazima. Nikauliza bibi, ukasema yupo, kalala. Nyuma yako nilisikia sauti za watu wengi, nikauliza uko wapi, ukasema sokoni. Soko gani hilo watu wanasoma Yasini? Nilisikia vizuri, nikajilazimisha kukuamini kwa sababu wewe ni kaka yangu. Nimekuja kuambiwa na wifi matanga yakiwa yamekwisha anuliwa.

Najua mtasema mlinificha kwa huruma, kwamba aliye mbali hashtuliwi. Huruma hiyo siitaki. Bibi amenibeba mgongoni akipanda mlima na mzigo wa ndizi kichwani, na siku mnamzika mimi niko ofisini na keki mdomoni. Nina hasira na watu wa hapa wanaouita utaratibu wa bibi yangu genge. Nina hasira na ninyi zaidi, maana wale hawanijui, ninyi mnanijua. Unalia kufungiwa ukurasa. Mimi nimefungiwa mlango wa kwetu, na aliyegeuza ufunguo ni wewe.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nimemlilia mama yake peke yangu, jikoni, na jirani akaja kuuliza kama nimeungua. Mpe shikamoo mjomba, mkubwa wa ukoo, aliyeamua nisiambiwe. Lawama yake namwekea mpaka tuonane. Wifi aliyenitobolea siri usimgombeze, ndiye aliyenikumbuka. Wenzako wa zamu wape pole ya kazi na pole ya msiba.

Mkitaka kunitenga, nitengeni. Ila akifa mtu mwingine hapo nyumbani, Kaka, nipigieni simu siku hiyo hiyo. Mara hii nilijua kwa kuwaona mmeacha kazi. Sasa kurasa zimefungwa, sina tena pa kuwaonea.

Mdogo wako,
Mwajuma