Bulu Mbili ya Maison Bilkisi

Kolwezi, upande ya reli
Tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Mupenzi Yaya Mushiya, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, Yaya. Jambo kwa bwana yako Ya Stanislas na kwa batoto bote. Mukoje huko Musumba? Ile goti yako iliacha kukusumbua? Na mihogo, mulimaliza kuivuna? Siye hapa tuko, Mungu anatuchunga. Baridi imeanza, asubui ninafunga Gloire mugongoni na bikwembe mbili, anabakia pua tu inje. Ameota meno ya juu. Akiona photo yako anaipiga busu mpaka kioo inalowana, na mi ninamwambia: huyu njo mama yako mukubwa, siku moja atakubeba.

Ninakuandikia juu telefone yako haipatikane tangu Pasaka, na tena juu kuko muzigo. Rachid, mutoto ya ndugu ya Mama Bilkisi, anapeleka kamyo huko kwenu Kapanga sasa barabara imekauka. Alisema atakupa mu mukono yako mwenyewe. Lakini tafazali, Yaya, usifungue muzigo kwanza. Soma mpaka mwisho.

Habari ya kwanza ni mubaya, niitoe haraka. Maison Bilkisi imefungwa.

Najua utaikaa chini. Kule njo tulikuwa tunaingia na mama kununua bitambaa na uzi, we unashika ma-boutons moja moja mpaka wanakuchokea. Wakati uliolewa Mama Bilkisi alikuwa na maduka, magazini tano: Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, Fungurume, na hii ya kwetu. Kasumbalesa njo ilianguka ya kwanza. Kisha Fungurume, kisha Lubumbashi. Kila mara Mama Bilkisi alikuwa analeta hapa mabaki ya ile iliyofungwa, anaipanga mu rafu, anasema: sasa tuko na choix mingi, mutu achague. Mi nilikuwa nacheka naye. Sikuona kama ile choix ilikuwa matanga.

Batu wananunua robe iliyokwisha kushonwa, ku balle ya mitumba ao ku telefone. Na mwenye nyumba anapenda zaidi batu ya depo, bale wenye kununua mawe ya madini. Mama Bilkisi hakutukana mutu. Alisema tu kama telefone haijue mukono wako uko murefu namna gani.

Sasa ngoja nikupe habari ya mariage ya Jeancy, mudogo yetu, juu bile bitu mbili vinaenda pamoja.

Mwezi wa tatu bukwe, wakwe ya Jeancy, walituma neno. Mama Angèle, shangazi ya Mathieu mwenye kuoa, alisema wao njo watatuvalisha siye bote, familia muzima, na ma-robe ya kununua ku telefone, tusisumbuke. Mu kinywa ilikuwa muzuri. Lakini niliona mama ameacha kuchagua mchele. Tangu baba alikufa hatujakuwa na nguvu, kila mutu anajua. Lakini kuvalishwa na bukwe siku ya kutoa mutoto? Kesho wangesema: bale tuliwakuta uchi.

Mi nilimujibu mujumbe, mama hakunituma: "Mwambie Mama Angèle tunashukuru. Siye tutajivalisha."

Mechack, baba ya Gloire, aliniangalia sawa mutu mwenye kuona nyumba inaungua. Lakini hakunikatala. Alirudi ku shimo, akachimba apate feza ya bitambaa.

Tulienda kwa Mama Bilkisi. Alikuwa na kitambaa moja ya rangi ya bulu yenye maua nyeupe, ilikaa ku dirisha miaka. Haikutosha, akasema ingine iko Likasi, Rachid ataileta. Na unajua desturi yake: ukichagua tu, anakata papo hapo kipande ya kila mutu, anaifunga na uzi, anaandika jina. Alikata ile ya dirisha kwa upande ya baba. Ya Likasi ilifika kisha siku chache, akakata kwa upande ya mama. Kila mutu akachukua yake, akaenda nayo ku nyumba.

Siku ya kuleta bitambaa kwangu nishone, njo tuliviona pamoja ku kamba. Yaya! Ya Likasi ilikuwa bulu ya wino. Ya kwetu ilikaa sana ku jua na mavumbi ya ma-kamyo, ilikuwa sawa uniforme ya mutoto mwisho wa mwaka. Kitambaa ni moja, maua ni moja, lakini upande ya baba ilipauka na upande ya mama ilikuwa giza. Na iliisha kukatwa. Kurudisha haiwezekane, na kwa Mama Bilkisi hakukubakia hata kipande.

Na Mungu naye alipanga bitu yake: Mama Angèle akapita ile siku. Alisimama mbele ya kamba, mikono kiunoni, akaangalia huku, akaangalia huku.

"Équipe mbili, sawa ku mupira," akasema. "Sasa arbitre wa kupiga filimbi ni nani?"

Bote walicheka, hata bale ya kwetu. Akasema ma-robe yake yanaweza fika kwa siku tatu, tuseme tu. Mama aliingia mu nyumba. Mi nilikuwa na Gloire ku titi, sikusimama. Nilimwambia: "Mama, karibu ku mariage. Utatuona."

Kusema kweli, wakati nilisema vile sikujua nitafanya nini. Nilikuja kujua kisha, nikiwa bado ninalisha mutoto. Nilikuwa naangalia kichwa yake, ile shepo, kofia ya kroshe yenye nilijifunza kushona ku barza ya Mama Bilkisi, wakati niko na mimba yake. Nilikuambia ku telefone, laine, ule uzi ya pinki, ilinikatikia katikati, Mama Bilkisi akanipa ya manjano, akasema endelea tu. Shepo nusu pinki, nusu manjano. Hakuna mutu hata moja ameuliza juu ya nini.

Nilitoa bipande yote ku kamba. Nilifungua nyuzi na majina yote. Nilikata kila moja, nikachanganya: mwili ya giza, mikono na chini ya robe ya kupauka. Kila mutu, upande ya baba, upande ya mama, mupaka bibi-arusi na kilemba yake. Mama Bilkisi mwenyewe alikuya kukaa ku mashini ya pili, na magazini yake ilikuwa inatolewa bitu ile wiki. Hakulia. Alikuwa anaimba nyimbo ya Kasongo na kunikaripia juu ya mishono.

Lakini kushona vile kunakula kitambaa. Ku mwisho shemizi, ile shati ya muzee yetu Tonton Kalonji, ikakosa mikono. Ku meza kulibakia furushi moja tu, giza na ya kupauka pamoja, mama yetu aliifunga ya kwanza kabisa, mbele ya ingine yote. Ilikuwa yako.

Tonton akasema: "Mushiya hatakuya, barabara ni matope. Ile kitambaa itaenda kulala mu sanduku. Shona mikono yangu."

Nikasema hapana.

"Mutoto, unataka niende sawa kuku ya kunyonyolewa?"

"Tonton, we uko hapa, batu watakuona. Yaya hayuko. Nguo yake njo itasema kama ni wa kwetu."

Alikasirika, hakukula bukari yangu hata tonge moja. Akaita mama aamue. Mama akasema tu: "Acha ya Mushiya." Nikamushonea mikono ya mabaki, inaishia karibu ku kiwiko ya mukono.

Siku yenyewe tuliingia na wimbo, mustari moja, bulu mbili ku kila mutu. Mutu hangejua nani wa baba, nani wa mama. Mama alikuwa mbele, Yaya, shingo murefu vile tulimujua zamani. Mama Angèle alikuya kwangu ku kucheza, akashika mukono ya robe yangu, akaigeuza kuona mushono. Akasema chini chini: "Bon. Équipe ni moja." Kisha akauliza nani alinifunza.

Magazini ilifungwa ile wiki ya kufuata, na ya Likasi kisha. Hatukuiponya, sitakudanganya. Mu dirisha sasa kuko mizani na mifuko ya mawe. Mama Bilkisi ameenda kwa Leila, binti yake, ku Likasi. Siye ba-mama wenye kushona kroshe kwake tulibakia kukaa ku barza yake. Mutu ya depo alitufukuza mara mbili. Ya tatu tulivuka tu barabara, Rachid ametupa kivuli ya gereji yake. Tuko kule kila siku, ninatundika inje kipande ya bulu mbili. Acha wafunge. Mikono yetu haina mulango.

Sasa fungua muzigo. Ni bipande mbili, moja ya giza, moja ya kupauka. Usimupe mushonaji mwenye kupenda kulinganisha rangi. Uvae yote mbili pamoja, sawa siye. Nimeacha kitambaa ya kuzidi ku kando, kama umenona.

Photo iko ndani. Angalia Tonton Kalonji mu mustari ya nyuma, yule mwenye kuficha mikono. Ile kitambaa yenye inamukosa ku mikono, njo we unaishika sasa.

Salimia Ya Stanislas, salimia batoto, na mama mukwe yako. Mama anakubariki na mikono yote mbili. Mechack na Jeancy na Mathieu wanakusalimia. Tonton naye, mu hasira yake. Mungu akulindie goti na barabara, tuonane ungali na nguo mupya.

Ni mi mudogo yako, mwenye kukupenda mupaka huko uliko,

Abigaëlle, na Gloire mugongoni