Mlango Uliosomwa Mara Mbili

Nyumbani, chumba cha vifaranga
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta la zamani? Sisi tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye kiangulio chako kimenizeesha miaka mitatu kwa wiki tatu. Na ndani yake mlikuwa na mayai sitini ya mama yako, ya kuanzia mradi.

Ulinielekeza vizuri, sikatai. Mlango ukifungwa ni moja, maji yakiwepo ni mbili, feni ikizunguka ni nne. Viunganishwe vitoe namba moja tu, na vyote vikiwa sawa, saba. Ndani ya namba hiyo kila kimoja kina nafasi yake: mlango ya kwanza, maji ya pili, feni ya tatu. Kisicho sawa, nafasi yake inabaki tupu na taa yake nyekundu inawaka.

Lakini mkazamjomba wako unamjua, hafungi mlango bila kuusukuma mara mbili. Nami kwa busara zangu nikaiamuru mashine iusome mara mbili. Tena badala ya ile alama yako ya kuunganisha, nikaweka ya kujumlisha. Nilidhani ni yale yale.

Basi kila kitu kikiwa sawa, ikatoka nane. Nane inakaa nafasi ya nne, isiyo na mwenyewe. Zile tatu zikabaki tupu, taa zote zikawaka. Siku tano nimefungua, nimefunga, nimeipiga ngumi feni isiyo na kosa.

Alhamisi taa mbili zikazimika, ikabaki ya mlango. Nikatamba.

"Mama watoto, mashine inapona."

"Mlango umefungwa, baba. Nimeusukuma mwenyewe."

"Mara ngapi?"

Akachovya kidole kwenye trei ya maji, kikatoka kikavu. Moja na moja za mlango zilikuwa zimefanya mbili na kukaa kwenye nafasi ya maji, na mayai yalikuwa siku ya kumi na tisa, yanapohitaji unyevu zaidi.

Tukamimina maji ya uvuguvugu. Nikafungua daftari lako, nikakuta umeandika kwa wino mwekundu: ukiunganisha, kitu kilichosomwa mara mbili kinabaki kimoja, ukijumlisha, umeharibu. Nilishaisoma hiyo. Mara mbili.

Jana wametoka vifaranga arobaini na mmoja. Mama yako anasema wanatosha; uso wake haukusema hivyo. Wale kumi na tisa niandikie mimi deni.

Nimeirudisha alama yako, na sasa inasoma saba. Mkazamjomba wako anaitazama hiyo saba, kisha anachovya kidole. Nimeacha kumkataza.

Msalimie mkeo na wale mapacha. Mungu akujalie afya, na wanafunzi wasikivu kuliko huyu.

Mjomba wako akupendaye,
ambaye nyumba nzima sasa inamwita Nane